VIDONGE VYA WAZEE WETU VIHESABIWE

Wananchi, ingieni katika nyumba zetu nyingi leo, mtaona mfuko wa plastiki umetundikwa juu ya kitanda cha mzee. Ndani yake mna vidonge vya presha vya hospitali moja, vya presha vya hospitali nyingine, vya maumivu ya magoti kutoka dukani, na vingine ambavyo hakuna ajuaye ni vya nini. Mzee humeza vyote, kwa kuwa aliambiwa ameze. Sisi twasema jambo hili halifai.

Hatusemi kwamba dawa za presha ni mbaya. Uchunguzi uitwao HYVET, uliotangazwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa hata watu waliopita miaka 80 huongezewa uhai nazo. Tunachokataa ni kurundika. Presha ikishushwa mno, mzee husimama kichwa kikamzunguka, akaanguka. Na nyonga iliyovunjika uzeeni huweza kumlaza asiinuke tena. Nazo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, na zikikutana na baadhi ya dawa za presha huumiza mafigo. Daktari asiyeambiwa habari zake ataongeza kidonge kingine tu.

Huko Uingereza, wazee wa miaka 80 na zaidi ambao presha yao ilikuwa imetulia walipunguziwa dawa moja, huku daktari akiwaangalia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: baada ya wiki 12, watu 86 katika kila 100 walikuwa bado chini ya 150. Walioachiwa dawa zao zote walikuwa 88. Basi si kila kidonge ni cha lazima.

Je, tumlaumu mzee? Hata kidogo! Lawama ni yetu sisi vijana tunaojua kusoma, nasi twamwacha aende hospitali peke yake.

Kwa hiyo yatupasa kufanya hivi. Tubebe mfuko mzima, na mitishamba itajwe pia. Tumwulize daktari kila kidonge ni cha kazi gani. Tuombe mzee apimwe akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Lakini mtu asithubutu kumwachisha dawa kwa shauri lake mwenyewe. Kuacha ghafula kwaweza kuleta kiharusi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu ni zaidi ya mali. Tuwahesabie vidonge vyao leo, kabla hatujawapoteza.