Karani wa Barua Naye Awe Chini ya Amri

Askari yeyote aliyepata kulinda lango la kambi anaijua kanuni hii: amri ya lango haitungwi na mlinzi, wala haifutwi na mpitaji. Mlinzi hana hiari ya kumpitisha rafiki yake asiye na kibali, na mpitaji, hata akiwa na nyota mabegani, hana ruhusa ya kumwamuru mlinzi atazame upande wa pili. Amri imeandikwa na aliye juu yao wote wawili. Maoni yetu ni kwamba kanuni hiyo haina budi kutumika pia mahali ambapo wengi wetu hatujazoea kupahesabu kuwa ni lango, yaani katika kompyuta zinazotunza barua pepe na kuwapatia wenyewe wanapozitaka.

Tunalisema jambo hili tukiifikiria Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nakivale, iliyoko wilayani Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa kabisa katika Afrika. Ilianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959, na leo hii inakaliwa na watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Shughuli zao nyingi hupitia katika ofisi za Mbarara. Zamani shughuli hizo zilikwenda kwa bahasha na sanduku la posta. Siku hizi nyingi huenda kwa barua pepe. Humo mna maombi ya kuhamia nchi ya tatu, taarifa za daktari, habari za mtoto aliyepotezana na wazazi wake, na mashtaka ya mtu anayeogopa jina lake lisijulikane.

Yafaa tujiulize barua ya namna hiyo ina uzito gani. Mfanyabiashara ambaye barua yake imesomwa na asiyehusika huenda akapata hasara ya fedha. Lakini kwa mtu aliyemkimbia anayetaka kumwua, barua yaweza kumwonyesha adui jina analotumia sasa, kijiji anacholala na siku atakayosafiri kwenda Mbarara. Eneo letu hili la Maziwa Makuu limekwisha kuuona uchungu wa jambo hilo. Mwaka 1994 nchini Rwanda, neno moja la kabila lililoandikwa katika kitambulisho lilitosha kumfikisha mtu kwenye mauti katika vizuizi vya barabarani.

Wala wizi wa habari za watu kama hao si hofu ya kubuni. Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wameingia katika kompyuta zilizohifadhi habari za watu zaidi ya 515,000. Watu hao walikuwa wametengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamaji au maafa, pamoja na waliopotea na wafungwa, na habari zao zilikuwa zimekusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi walikuwa ndani tangu tarehe 9 Novemba 2021. Walipitia katika kasoro ambayo marekebisho yake yalikuwa tayari yametolewa, ila hayajawekwa. Adui alikaa ndani ya boma siku 70 bila kugunduliwa.

Sasa na tueleze jinsi huduma ya kuchukua barua inavyofanya kazi. Barua pepe ikifika hukaa katika seva, kama barua ya posta inavyokaa sandukuni. Mwenyewe anapoitaka, programu maalumu humwuliza jina na neno la siri, humkagua, kisha humpatia barua zake. Taratibu za mazungumzo hayo ni POP, iliyotolewa mwaka 1984, na IMAP, iliyobuniwa mwaka 1986. Programu hiyo ndiyo karani wetu wa barua. Kwa kuwa wenye barua huziomba usiku na mchana kutoka kila mahali, mlango wa karani huyo huwa wazi daima, naye adui anaufahamu vizuri.

Mwezi wa Julai 1998 ilitolewa tahadhari juu ya programu moja ya aina hiyo, qpopper. Ilikuwa na kasoro iliyomwezesha mtu aliye mbali kujitwalia mamlaka yote ya kompyuta nzima. Aliyebisha hodi kwa karani wa barua aliondoka na funguo za kila ghala.

Hilo liliwezekana kwa sababu katika mpango wa kawaida wa kompyuta ulinzi ni hiari. Mwenye faili akipenda humruhusu mwingine alisome, na juu ya wote yuko mtumiaji mkuu, ambaye hakuna mlango usiomfungukia. Karani akipewa mamlaka ya mtumiaji mkuu, basi atakayemteka karani ameiteka kambi yote.

Dawa yake ni udhibiti wa lazima, na chimbuko la wazo hilo ni jeshini. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, David Bell na Leonard LaPadula, wakifanya kazi kwa ajili ya jeshi la anga la nchi yao, waliziandika kwa lugha ya hesabu kanuni mbili ambazo kila karani wa orderi anazifahamu. Aliyeruhusiwa siri ndogo asisome siri kubwa. Na aliyeshika siri kubwa asiiandike katika jalada la chini. Watu wengi huikumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili, kumbe siri nyingi huvuja kwa njia ya pili.

Mwezi wa Desemba 2000 Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilitoa hadharani kazi iliyoitwa SELinux, ambayo sasa hupatikana bila malipo katika mifumo ya Linux. Katika mpango huo kila programu na kila faili huvishwa lebo. Sera iliyoandikwa hutamka lebo ipi yaweza kusoma, kuandika au kuendesha nini. Lisiloruhusiwa limekatazwa, na hata mtumiaji mkuu hubanwa na sera hiyo.

Tutoe mfano wa Dovecot, programu ya kuwapatia watu barua inayotumika sana. Yenyewe imegawa kazi zake: anayempokea mgeni mlangoni hana mamlaka makubwa, na anayekagua neno la siri yuko mbali naye. SELinux huongeza uzio juu ya mgawanyo huo kwa kumpa karani lebo yake na mkaguzi lebo yake. Endapo karani atatekwa, hataweza kugeuka akafungua majalada mengine yaliyomo katika seva ile ile, kama vile orodha za mgao wa chakula au kumbukumbu za alama za vidole.

Hata hivyo tusiwadanganye wasomaji. Karani aliyeruhusiwa kushika barua akitekwa, barua zilizo mkononi mwake zimo hatarini. Kwa hiyo udhibiti wa lazima hauondoi haja ya kuweka marekebisho kwa wakati, kutumia maneno ya siri yaliyo imara, na kuzitenga barua nyeti, kama za ulinzi wa watoto na za mashahidi, katika seva ya peke yake. Kazi ya uzio huo ni kuhakikisha kwamba moto wa nyumba moja hauteketezi mtaa.

Wapo wanaolalamika kwamba sera hizo husumbua. Fundi huhamisha masanduku ya barua kutoka folda moja hadi nyingine, lebo zikawa si zile zinazotakiwa, na barua zikagoma kufunguka. Simu zinaanza kulia, na fundi, kwa kutaka amani, huiweka SELinux katika hali ya kuonya tu. Katika hali hiyo makosa huandikwa daftarini lakini hakuna anayezuiwa. Ni sawa na kumwambia mlinzi wa lango aandike majina ya wezi wanapopita. Njia iliyo sawa ni kulisoma daftari hilo, kurekebisha lebo, na kuirudisha amri kazini siku hiyo hiyo.

Wapo pia wanaosema kwamba vyombo vya usalama vinahitaji njia ya haraka ya kuzifikia barua. Hapa tunajisemea wenyewe, askari na polisi, na ndipo penye kiini cha hoja yetu. Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1995 inamlinda mtu asiingiliwe katika barua na mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila mwenye kutunza habari za watu azilinde. Upelelezi unayo njia yake ya kisheria, inayoacha kumbukumbu na jina la aliyeidhinisha. Tundu lililoachwa makusudi kwa ajili ya afisa mwema litatumiwa kesho na afisa aliyenunuliwa, na kesho kutwa na mgeni asiyejulikana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mkimbizi akisikia kwamba barua zake husomwa na yeyote mwenye cheo, ataacha kuandika, nasi tutakosa hata ile habari ambayo ingetusaidia kumkamata mhalifu.

Kwa hiyo basi tunapendekeza mambo manne. Kila ofisi inayopokea barua za wakimbizi katika seva yake iweke udhibiti wa lazima katika hali ya kutekeleza. Mwenye kuandika sera asiwe yule yule anayeiendesha seva kila siku. Daftari la makosa lisomwe kila asubuhi, kama linavyosomwa daftari la zamu. Na ofisi inayotunziwa barua na kampuni ya nje idai kuonyeshwa kwa maandishi ulinzi gani umewekwa. Programu yenyewe hainunuliwi. Kinachohitaji fedha ni kuwafunza watu, na jeshi na polisi wana vijana wanaofaa kufunzwa.

Nidhamu ni mali ya askari. Tumeizoea langoni, ghalani na barabarani. Tuidai sasa katika seva ya barua, na tuwe wa kwanza kuitii pale inapotuzuia sisi wenyewe.