Kompyuta Isimalize Betri Usiku

Wazazi wenzetu wa Karagwe na Kyerwa mnaotegemea sola, hasara hii mnaijua: kompyuta yasahauliwa usiku, asubuhi betri haina kitu. Kijana aliyesoma kidogo aweza kuitibu kwa kikompyuta cha ubao mmoja, kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Hicho hula wati chache tu. Kina pini 40, na baadhi yake huamriwa kwa programu kutoa volti 3.3 au kuzikata.

Pini isiungwe moja kwa moja na kompyuta kubwa. Katikati huwekwa relei yenye transista yake, maana pini pekee haina nguvu ya kuivuta, kisha relei huungwa na nyaya mbili za kitufe cha kuwashia. Zikigusana nusu sekunde, ni kama kidole kimebonyeza: kompyuta huwaka, au hujizima kwa utaratibu ikiwa imepangwa hivyo. Zikishikana sekunde nne au zaidi, huzimwa kwa nguvu, na kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Kazi hiyo ifanywe kompyuta ikiwa imechomolewa. Na kasha la pawasaplai, wazazi, kijana asilifungue kamwe: umeme wa kuua hubaki humo hata baada ya kuchomoa.