Riwaya za Uchumba: Tuzifiche au Tuzisome?



Juma hili napenda tuongee juu ya vitabu vya hadithi, hasa zile hadithi za uchumba ambazo ndani yake mna imani, na mna hofu ya kumfanya msomaji asahau chungu motoni. Wazazi wengi huziogopa. Hapa kwetu Dunda mama mmoja alimkuta binti yake anasoma riwaya chini ya mwembe, akainyakua na kuificha juu ya kabati. Kisha akaniuliza, "Karani, je, nimekosa?" Swali hilo halijibiwi kwa neno moja barazani. Nalijibu leo mbele yenu nyote, maana najua hata vijijini kwenu swali ni lilo hilo.

Kwanza tuseme kweli. Vijana wetu wanasoma. Asiye na kitabu ana simu, na katika simu hadithi za mapenzi huja kipande kipande. Kila kipande hukatwa pale msichana anapofungua mlango usiku, chini yake huandikwa "Itaendelea", na anayetaka kujua nani yuko mlangoni hana budi kutuma fedha. Basi mzazi aliyeficha kitabu kimoja juu ya kabati amezuia kikombe, kiu haijazuiwa. Kijana atasoma habari za uchumba, tupende tusipende. Linalotuhusu sisi ni kujua anasoma hadithi gani, na anasoma na nani.

Je, Kanisa huziogopa hadithi za namna hii? Fungueni Biblia zenu katika Kitabu cha Tobiti. Biblia nyingi za ndugu zetu Waprotestanti hazina kitabu hiki, lakini sisi Wakatoliki tunacho, nacho ni kifupi, sura 14 tu. Tobiti ni mzee mcha Mungu, mateka katika mji wa Ninawi, aliyepofuka kwa sababu ya kinyesi cha ndege kilichomwangukia machoni. Katika umaskini wake anakumbuka fedha aliyoiweka kwa mtu katika nchi ya Media, anamtuma mwanawe Tobia akaichukue. Kijana anafuatana na mtu asiyemjua, na mbwa nyuma yao. Sisi wasomaji tunajua kuwa mtu huyo ni Malaika Rafaeli, lakini Tobia hajui. Mtoni samaki mkubwa nusura amdhuru kijana, naye anamkamata. Na huko mbele yupo msichana Sara, aliyeozwa waume 7, wote 7 wakauawa na pepo mbaya usiku wa arusi. Tobia ndiye atakayekuwa wa nane.

Sasa angalieni jinsi mambo yanavyosimuliwa. Ndoa inafungwa, watu wanakula, bwana na bibi arusi wanapelekwa chumbani. Wao wanaamka na kusali kwanza. Nje, baba yake Sara anawaita watumishi wake, nao wanachimba kaburi gizani, ili mkwe akifa azikwe kabla majirani hawajajua. Kisha mjakazi anatumwa na taa aende kuchungulia. Anawakuta wote wawili wamelala usingizi, wazima. Mzee anaamuru kaburi lifukiwe upesi kabla hapajakucha! Na wakati huo kule Ninawi, Anna mama yake Tobia anakaa kila siku akiitazama njia, akidhani mwanawe amekufa, kumbe amecheleweshwa na karamu ya arusi ya siku 14. Sisi tunaokaa pwani, ambao tumesimama ufukoni tukiingojea mashua iliyopitisha saa yake, twamfahamu mama huyo.

Humo mna uchumba, mna imani, na mna hofu. Wala Kanisa halikukiweka kitabu hiki juu ya kabati. Limekiweka kati ya masomo yanayoweza kusomwa katika Misa ya ndoa.

Hofu iliyomo katika hadithi njema ina kazi yake. Unapomwogopea Sara, kwa kitambo umeacha kujifikiri mwenyewe. Unangoja, na katika kungoja huko unambeba mtu mwingine moyoni. Na uchumba wa Kikristo ni nini kama si kungoja kwa namna hiyo?

Kazi yangu ni kuandika majina ya wachumba katika daftari, matangazo yao yakasomwe kanisani. Nawaona wakija. Wengi wameshajua bei ya viti na turubai, na rangi ya vitenge vya kamati. Lakini Padre akiwauliza watafanyaje mmoja akiugua siku nyingi, au kazi ikikatika, au mtoto asipopatikana, hutazamana kama watu walioulizwa kwa Kilatini. Hawajapata kuyawaza hayo hata katika hadithi. Na wako wengine ambao majina yao siyaandiki kabisa, kwa sababu hawaji. Kungoja kumewashinda, wameanza kukaa pamoja, na wakigombana hakuna ahadi ya kuwashika. Ndiyo maana nasema jambo hili si mchezo wa watoto wa shule.

Kipo kitabu cha pili ambacho ningependa mkijue. Alessandro Manzoni, Mkatoliki wa Italia, alitoa mwaka 1827 riwaya iitwayo I promessi sposi, yaani Wachumba. Wachumba hao ni Renzo na Lucia, watu wa kijijini wanaoishi kwa kazi ya hariri. Siku yao ya ndoa imefika, lakini bwana mkubwa wa sehemu zile, Don Rodrigo, amemtamani Lucia. Anawatuma majambazi wake wamwambie paroko kwamba ndoa hiyo isifungwe. Paroko ni mwoga, anatetemeka na kutoa visingizio. Renzo anakwenda kwa mwanasheria, mkononi ana majogoo 4 ya zawadi. Mwanasheria anasikiliza vizuri mpaka linapotajwa jina la Don Rodrigo, hapo anamtoa mlangoni pamoja na majogoo yake. Ndugu zangu, nani kati yetu hajapata kumwona mnyonge akirudi na kuku wake namna hiyo?

Wachumba wanakimbia na kutengana. Lucia anatekwa, anafungiwa katika ngome ya mtu mwovu ambaye mwandishi hamtaji jina. Usiku ule, kwa hofu, anaweka nadhiri kwa Bikira Maria kwamba akiokoka hataolewa kamwe. Na usiku ule ule yule mwovu naye hapati usingizi, kwa kuwa maneno ya msichana yamemchoma moyo. Kulipokucha anamwendea Kardinali Borromeo, anaongoka. Mwandishi dhaifu angeishia hapo, watu wakapiga vigelegele. Manzoni haishii hapo. Lucia ameokoka, lakini sasa amefungwa na nadhiri yake mwenyewe. Vita inapita, kisha tauni, ile iliyoupiga kweli mji wa Milano mwaka 1630. Renzo anamtafuta mchumba wake kati ya maelfu ya wagonjwa, na moyoni anamchukia Don Rodrigo kiasi cha kutaka kumwua. Ndipo mtawa mmoja Mkapuchini, Padre Cristoforo, anapomshika mkono na kumwonyesha Don Rodrigo mwenyewe amelala chini, tauni inammaliza, na kumtaka amwombee. Renzo anasamehe kwanza. Baadaye ndipo anapomkuta Lucia yu hai, ndipo mtawa anapomfungulia nadhiri yake, ndipo ndoa inapofungwa.

Mnaona? Mwandishi ameipitisha njia ya ndoa katika mlango wa msamaha. Msomaji aliyehangaika na Renzo kurasa nyingi hivyo hawezi kusahau kwamba mtu asiyejua kusamehe hajawa tayari kuoa.

Marehemu Papa Fransisko alikipenda sana kitabu hicho. Mwaka 2013 alieleza kuwa amekwisha kukisoma mara 3, na kwamba alipokuwa mtoto bibi yake alimfundisha mwanzo wake mpaka akaujua kwa ghaibu. Tarehe 27 Mei 2015, akiwafundisha watu huko Roma juu ya uchumba, aliwahimiza wachumba wakisome. Tena mwaka 2024 aliandika barua nzima juu ya faida ya kusoma riwaya na mashairi. Alikuwa amekusudia kuwaandikia wanaoandaliwa kuwa mapadre, akaona inawafaa Wakristo wote. Humo akakumbusha jinsi alivyofundisha shuleni Santa Fe, Argentina, miaka ya 1964 na 1965. Wanafunzi hawakukitaka kitabu cha zamani walichopangiwa. Akawaambia wakisome nyumbani, naye darasani akaanza na vile walivyovipenda. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twaijua hekima hiyo, japo si wote tunaoitumia.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya Wazungu." Haya, twende Ukerewe. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa huko mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alitoa mwaka 1971 riwaya iitwayo Rosa Mistika. Jina hilo limetoka katika Litania ya Bikira Maria, ile tunayoisali baada ya Rozari. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake Rosa vibaya sana kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na kijana. Hamfundishi lolote, anamtia hofu tu. Rosa anakua akiwaogopa wavulana, na siku anapokuwa chuoni, mbali na fimbo ya baba, hana kitu kingine cha kumshika. Anaharibikiwa, na mwisho anajiua. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, kwa kuwa hakikuyafunika mambo, na baadaye kikaruhusiwa.

Mimi singempa mtoto wa miaka 12 kitabu hicho. Ningewapa wazazi wake. Hamna faraja nyingi ndani yake, lakini mna onyo ambalo mahubiri kumi hayawezi kulifikisha: kunyakua barua ni kazi ya dakika moja, na kuzungumza na binti ni kazi ya miaka.

Zipo pia hadithi zenye jina la Yesu katika kila ukurasa, nazo ni za uongo. Msichana anasali Jumatatu, Jumanne anapata mchumba mwenye gari na nyumba ya vigae. Adui wote wanaaibika, na hakuna aliyepoteza kitu. Kijana wetu akiisoma hiyo, kisha akasali mwezi mzima asione gari, atamlaumu Mungu. Katika Tobiti kaburi lilichimbwa kweli. Katika Manzoni tauni iliua kweli, hata Padre Cristoforo mwenyewe haikumwacha. Basi kipimo changu cha hadithi ya Kikristo ni hiki: je, watu waliomo wangeweza kweli kupoteza? Na neema inapokuja, je, inamdai mtu kitu, kusamehe, kungoja, au kusema kweli? Kama inakuja bure kama bahati nasibu, kirudisheni kitabu dukani.

Sasa nimjibu yule mama wa Dunda. Mama, kishushe kitabu kabatini, ukisome wewe kwanza. Kama ni kichafu, mwambie binti yako kwa maneno yako mwenyewe ni wapi kinapomdanganya, umpe kingine. Kama ni chema, mrudishie, kisha mkae mkiongee. Muulize, "Wewe ungekuwa huyu msichana, ungefanyaje?" Utasikia mambo ambayo asingekwambia kamwe kama ungemwuliza habari zake mwenyewe. Kijana huona haya kusema "mimi", lakini kwa kumsema Lucia au Rosa atafungua moyo wote.

Na kusoma kwenyewe kusiwe kwa kujificha. Watu wa pwani hii walikuwa wakisimuliana hadithi usiku tangu zamani, kabla Wamisionari wa Roho Mtakatifu hawajaanzisha Misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Msimulizi husema "Paukwa", wote wakajibu "Pakawa", na hakuna aliyebaki peke yake na hofu yake. Hadithi ikisomwa kwa sauti, baba akiwepo, lile la aibu linapata mtu wa kulieleza, na lile la kutisha linapata mkono wa kushika. Asiyejua kusoma asikilize. Mwalimu wa kijijini anayejua Kiingereza asome Manzoni na kuwasimulia jirani zake.

Anzeni na Tobiti jioni ya leo, baada ya Rozari. Sura moja kila jioni, majuma mawili mmemaliza. Mtoto mkubwa asome, bibi asahihishe matamshi. Lakini mfikapo mwisho wa sura ya 7, mama yake Sara akiwa amempeleka binti yake chumbani huku analia, fungeni kitabu. Watoto watapiga kelele wakitaka kujua kama Tobia ataamka mzima. Msiwaambie. Waacheni walale nalo usiku mmoja, wamwombee.