Mvua ya Singida na Mafuta ya Jikoni Mwetu



Huenda mmoja wenu akauliza: Singida na karafuu, wapi na wapi? Twajibu kwamba mkulima wa karafuu hali karafuu. Huziuza akanunua mchele, sukari na mafuta ya kupikia. Na mafuta yakipanda bei, pato lake hupungua hata kama bei ya karafuu haikushuka.

Mwaka 2022 tuliyaona hayo. Vita vya Ukraine vilikuwa vimekwisha punguza mafuta ya alizeti duniani, na tarehe 28 Aprili Indonesia nayo ikazuia mafuta yake ya mawese yasitoke. Zuio hilo liliondolewa tarehe 23 Mei, lakini bei huku kwetu ilikwisha panda, kwa kuwa Tanzania hununua nje sehemu kubwa ya mafuta inayoyatumia.

Na alizeti tunayo nyumbani. Mwaka 2021 Serikali iliitaja Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kulikuza zao hilo. Viwanda vya kukamua vimo, vikubwa na vidogo. Kinachopungua ni alizeti yenyewe: vingi hufanya kazi miezi michache baada ya mavuno, kisha mashine hulala.

Sababu yake haikujificha. Singida ni nchi kame, yenye msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba au Disemba hata Aprili. Mvua ikikatika katikati, mkulima hana vuli ya kumponya kama sisi. Tena ua la alizeti lahitaji nyuki ili lijaze punje vizuri. Nyuki naye ahitaji miti, na miti hukatwa kwa mkaa. Basi msitu ukifyekwa huko Manyoni, haipungui asali peke yake.

Wala sisi tusijione tumesalimika. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikapona, na biashara ikaendelea kwa mikarafuu ya Pemba. Baadaye tukategemea mno mnunuzi mmoja, Indonesia, naye akapanda mikarafuu yake mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 soko lile lilikuwa limetuponyoka. Mvua moja, mti mmoja, mnunuzi mmoja: yote ni khatari ya namna moja.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, vyama vyetu vya ushirika vipatane na wakamuaji wa Singida kabla ya mavuno, vinunue kwa pamoja na kuweka ghalani, badala ya kila mmoja wetu kukimbilia dukani mafuta yakiadimika. Mkamuaji mwenye mnunuzi wa yakini naye aweza kumwahidi mkulima bei kabla hajapanda. Pili, kila mkarafuu uliokufa upandwe mche mahali pake, wala mkarafuu mzima usikatwe kwa kuni. Tatu, katikati ya mikarafuu tupande pilipili manga na mdalasini, ili mwaka wa mavuno haba usitukute mikono mitupu.

Hayo hayahitaji fedha nyingi, yahitaji mapatano, na wakati wake ni sasa, kabla msimu haujafika. Akiba haiozi.