Apple ina thamani gani, na Kabambare imo wapi katika hesabu hiyo?

Desemba 2024, serikali ya Kongo iliyashitaki matawi ya Apple ya Ufaransa na Ubelgiji, ikidai kwamba madini yaliyotoroshwa kutoka maeneo ya vita yanaingia katika simu zake. Apple ilikanusha. Ni rahisi kuamini kwamba kampuni hiyo itaporomoka ikikosa madini ya Kongo. Hesabu za wanunuzi wa hisa zinaonyesha jambo lingine.

Wao hutofautisha bei na thamani. Bei ni ile inayotajwa sokoni leo. Thamani ni pesa zote ambazo kampuni itawaingizia wenye hisa miaka ijayo, zikikatwa kwa kuwa pesa ya kesho si sawa na ya leo. Anayenunua pikipiki ya teksi Kasongo anafikiri vilevile: itabeba abiria wangapi, vipuri vitakula ngapi, barabara ya Kabambare itaiua baada ya muda gani? Akihofia kunyang'anywa njiani, atakubali kulipa kidogo zaidi.

Makato hayo ndiyo yanayoamua. Dola 100 za baada ya miaka 10, zikikatwa 8% kwa mwaka, leo ni kama dola 46. Hatari ikipandisha makato hadi 10%, zinabaki kama 39. Ndiyo maana wachambuzi wawili wenye takwimu zile zile wanaweza kupishana kwa mamia ya miliari za dola.

Mwaka wake wa hesabu wa 2024, Apple iliuza kwa dola miliari 391 na kupata faida ya karibu miliari 94. Bati litokalo kwenye kasiteriti, tantali ya koltani na dhahabu kidogo ni gharama ndogo mno ndani ya simu moja. Kilo ikipanda bei Kabambare, New York hawasikii. Maniema inaingia katika hesabu hiyo kupitia mlango mmoja tu, ule wa hatari: kesi, sheria, jina kuchafuka.

Na mlango huo Apple imeanza kuufunga. Mwaka 2023 iliahidi kwamba kufikia 2025 bodi za elektroniki inazozibuni zitatumia bati na dhahabu vilivyorejelezwa. Mwaka 2024 ikasema imewataka wauzaji wake wasimamishe kununua bati, tantali, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na Rwanda. Paris, waendesha mashitaka waliiacha kesi Februari 2025. Ubelgiji, jaji alipewa uchunguzi.

Kwa mwenye hisa, hatari imepungua. Kwa mchimbaji wa mikono imeongezeka, maana katazo halitofautishi Rubaya, iliyotekwa na M23 mwaka 2024, na machimbo ya Maniema. Kweli, Kabambare nayo imeonja makundi yenye silaha, hasa upande wa Salamabila. Lakini mnunuzi anayeuliza madini yametoka wapi akiondoka, anabaki asiyeuliza, na huyo ndiye atakayepanga bei ya kilo.