Wiki moja Charleston, bila papara

Nimekaa na kalenda, napanga likizo ya siku 7 Charleston, South Carolina, Marekani. Ni Oktoba, maana joto la Julai kule si mchezo. Gari la nini? Mji wa kale ni mguu tu.

Washikaji wanataka kuanzia ufukweni, Folly Beach. Mimi nimegoma! Siku ya kwanza ni Gadsden's Wharf, gati walikoshushwa maelfu ya Waafrika watumwa. Makumbusho yao yalifunguliwa hapo 2023. Ukianza na yale majumba ya kifahari utasifia rangi tu, usijue jasho lilikuwa la nani.

Baada ya hapo, jamani, ni vikapu vya Wagullah, wajukuu wa watumwa hao, pale City Market, supu ya bamia, na usingizi wa mchana. Ufukwe haukimbii.