Moshi Jikoni, Kuvu Ghalani: Hewa ya Nyumba za Kitui na Makueni

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Usemi huu unawaafiki wakazi wengi wa Kitui na Makueni. Wao hujihadhari na vumbi la barabarani na jua kali la nyanda kavu, ilhali hewa iwadhuruyo zaidi ni ile waivutayo wakiwa ndani ya nyumba zao.

Katika baadhi ya mataifa ya baridi, hewa husambazwa nyumbani kupitia mifereji ya bati iliyofichwa darini, na wenye nyumba huwalipa mafundi waisafishe vumbi na kuvu. Vijijini Ukambani mifereji hiyo haipo. Njia ya hewa ni mlango, dirisha na ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Je, njia hizo ziko wazi? Aghalabu haziko. Paa la nyasi liliupenyeza moshi kidogo kidogo. Nyumba ya matofali na mabati ni imara zaidi, lakini mara nyingi mwanya wake huzibwa, na dirisha la jikoni hufanywa dogo kwa kuhofia wezi. Moto wa mafiga matatu ukiwashwa humo, moshi hukosa pa kutokea.

Jambo hili si la watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya nchini Kenya zilipikia kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Chembechembe za moshi huo ni ndogo mno, nazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Humletea mtoto nimonia, na mtu mzima kiharusi, maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Anayelipa gharama hii kwanza ni mama apikaye na mtoto aliye mgongoni mwake.

Hali kadhalika, nyumba isiyopumua hukaribisha kuvu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwagonjesha watu 317 katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika. 125 kati yao walifariki. Watafiti walibaini kuwa kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kuliongeza hatari. Ni kweli kwamba sumu ile iliingia mwilini kwa chakula wala si kwa pumzi. Hata hivyo, unyevu uliokosa pa kutokea ndio ulioilea kuvu hiyo, na mahali penyewe palikuwa chini ya paa lile lile wanapolala watoto.

Wapo watakaosema kwamba moshi una faida: huhifadhi mbegu, hufukuza fukusi na mbu. Hoja hii ina ukweli wake, na haifai kubezwa. Lakini mahindi yaliyokaushwa vyema huweza kutiwa katika magunia yasiyopitisha hewa, fukusi wakafa bila moshi. Mbu nao wana dawa yao, nayo ni chandarua. Hakuna chandarua cha kukinga mapafu.

Wengine watasema suluhisho ni gesi. Naam, lakini gesi ina bei, na mwaka 2021 ilitozwa kodi ya asilimia 16 kabla ya kodi hiyo kupunguzwa. Familia inayosubiri mvua ili ipate chakula haiwezi kuambiwa isubiri gesi ili ipate kupumua. Jiko la udongo lililoboreshwa hupunguza kuni, ila lisipokuwa na dohani bado humwaga moshi ndani. Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni ile iliyo karibu: dirisha pana lenye nondo na wavu, mwanya chini ya paa, na dohani juu ya meko.

Serikali za kaunti zina wajibu hapa. Kitui ilipopiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, miti ilipata mtetezi. Mapafu ya mpishi yanamsubiri wake. Makueni nayo ilianzisha mpango wa MakueniCare mwaka 2016, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti. Huo ulikuwa mfano mwema. Lakini kumtibu mtoto nimonia, kisha kumrudisha katika jiko lile lile, ni kuteka maji kwa pakacha. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari huzuru nyumba kwa nyumba, waagizwe kutazama jiko kama watazamavyo choo. Vyuo vya ufundi navyo vimfunze mwashi kwamba dohani si pambo.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye asijitenge. Maarifa haya mengi yamefungiwa katika ripoti za Kiingereza ambazo mama wa Mwingi au Kibwezi hatazisoma. Kuyaeleza kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kikamba, ni kazi ya lugha na pia ni kazi ya kuokoa maisha.

Husemwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala la hewa, mambo ni kinyume: asiyeuacha ufa wazi huenda akachimba kaburi.